Kozi ya jioni ya Kiingereza kwa waongoza watalii, Bagamoyo: somo la "important" na wenzake

Waongoza watalii wengi wa hapa wana neno moja la uzito. Msikiti wa Kaole ni very important, Ngome Kongwe very important, mbuyu wa Misheni very important, na kubeba maji ya kunywa nako very important. Mgeni akishalisikia mara kadhaa, halimwambii kitu tena. Kozi hii ya jioni imelitengea jambo hilo somo zima, na sehemu kubwa imefundishwa vizuri.

Uzuri wake ni kwamba hukabidhiwi orodha ya maneno ya kukariri. Kila neno linaonyeshwa kazi yake. Essential ni kile ambacho kikikosekana shughuli haiendi, ndiyo maana mwalimu hapendi very essential: cha lazima kimeshakuwa cha lazima. Significant ni la jambo lililogeuza hali. Wajerumani kuhamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891 kulikuwa significant kwa Bagamoyo. Kofia ya jua si significant, ni useful tu.

Kipande cha historic na historical kinastahili ada peke yake. Misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 ni historic, kwa kuwa ina uzito katika historia. Historical ni chochote kinachohusu mambo ya kale, hata risiti ya duka la zamani. Ukiita Misheni historical hujasema uongo, ila umeishusha daraja mbele ya mgeni aliyesafiri mbali kuiona.

Limeguswa pia quite. Kwa Mwingereza, quite important mara nyingi ni muhimu kiasi. Kwa Mmarekani hukaribia muhimu sana. Mwalimu anashauri kuliacha kabisa kundi likiwa la mchanganyiko, na tunamuunga mkono.

Sasa kasoro. Karatasi ya somo haionyeshi mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mwanafunzi hutamka significant kwa kukazia "fi" na mgeni anabaki anakodoa macho. Mkazo uko kwenye "ni". Kwenye negligible uko mwanzo kabisa, "ne". Chukua kalamu upige mstari chini ya silabi hizo kabla hujaanza kusoma kwa sauti.

Kasoro kubwa zaidi ni upande wa maneno ya mambo madogo, yaliyobanwa kwenye nusu ukurasa, ilhali huko ndiko watu wanakokwazana. Minor na slight hutaja ukubwa tu: a slight delay, mashua imechelewa kidogo. Negligible ni kidogo kisichohesabika, na lisichanganywe na negligent, yaani mzembe. Trivial lina hukumu ndani yake. Mgeni aliyepoteza miwani ukimwambia tatizo lake ni trivial, umemwambia analalamika bure. Petty kwa mtu ni tusi. Salama yake ni kwenye petty cash, zile fedha za matumizi madogo ya ofisini.

Halafu kuna "usijali" yetu, ambayo karatasi haikuigusa kabisa. Sisi humjibu hivyo anayeshukuru na anayeomba radhi, kisha tunaipeleka yote kwenye never mind. Baada ya thank you haikai: sema you're welcome. Akiomba radhi, that's all right. Never mind mwachie aliyekosa kitu na unataka kumtuliza. Vilevile mgeni akiuliza muanzie Kaole au Misheni, it doesn't matter yaweza kusikika kama huna habari naye. I don't mind inamwambia uko radhi na lolote.

Kwa anayeanza Kiingereza kozi hii ni mapema, maana inakutaka uwe tayari unaweza kusimulia kwa wakati uliopita. Mwongozaji aliye kazini ajiandikishe, lakini amwombe mwalimu tangu juma la kwanza atenge kipindi kizima cha minor, trivial na never mind, wanafunzi wakijibizana wawili wawili. Darasa likijaa, zoezi hilo ndilo la kwanza kurukwa.