Trei ya Kuzunguka ya Kona ya Jikoni: Nimelaliwa au Nimepata?

Haya jamani, karibuni. Leo hakuna muziki wa kuanzia, hakuna nini, maana nina hasira na nataka mzione zikiwa bado za moto.

Mnaijua ile kona. Kabati la chini la upande huu linakutana na la upande ule, katikati panabaki pango. Ukiingiza mkono unaishia begani. Mimi juzi nimetoa humu kinu cha vitunguu saumu ambacho nilishakinunulia mwenzake, nikijua kimeibiwa.

Mkanisumbua kwenye komenti, "nunua trei ya kuzunguka, nunua trei ya kuzunguka." Haya, nimenunua. Kariakoo, shilingi 85,000, ya ghorofa mbili, nguzo ya chuma katikati. Vipimo vimeandikwa kwenye boksi, sivisomi, macho mnayo.

Sasa tazameni ghorofa ya chini. Naweka deli la unga, deli la sukari, hotipoti, na chupa ya mafuta ya lita 1 hapa pembeni. Nazungusha pole pole. Ona! Unga umekuja wenyewe mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Hapo hata mimi dukani nilitabasamu.

Lakini nani anazungusha hivyo nyumbani? Sasa nazungusha kama saa 12 asubuhi, watoto wanasubiri gari la shule. Moja, mbili...

Mmesikia hicho kishindo? Chupa ya mafuta. Iko wapi? Kwenye trei haipo. Mdogo wangu, sogeza kamera, lete tochi. Ile pale, mmeiona? Imelala nyuma kwenye pembe, na mkono haufiki kwa sababu trei yenyewe imeziba njia. Zamani ningelala kifudifudi hapa chini nikaipata. Sasa nimetoa hela ili nisiipate!

Shida ni ukingo. Naweka futi kamba hapa, soma: sentimita 1 na nusu. Hicho ni kisigino cha kandambili, siyo ukingo. Hotipoti haijatikisika kwa sababu ina kitako kipana. Kinachoruka ni kirefu chenye kitako chembamba, tena kikiwa pembeni, maana pembeni ndiko kunakokwenda kasi kuliko karibu na nguzo. Ngoja nirudie na chupa ya siki. Naiegemeza kwenye nguzo kabisa, nasukuma vile vile... imebaki. Naisogeza pembeni, nasukuma... nimeidaka! Nimeidaka, jamani, mngenusa siki mpaka Jumatano.

Halafu yule muuzaji kaniambia, "Dada, hupotezi hata inchi moja ya kabati." Kaka yangu, chukua sinia la duara uliweke ndani ya boksi la mraba linalolitosha. Pembe nne si zinabaki tupu? Hesabu ya darasani hiyo, zaidi ya asilimia 21 ya eneo inabaki nje. Na huko ndiko ilikokwenda chupa yangu.

Kuna walioniuliza ile ya Kijerumani, LeMans ya Kesseböhmer. Hiyo ni mnyama mwingine. Trei zake zina umbo kama la figo, na kila moja inatoka nje ya kabati yenyewe na mzigo wake, mpaka kilo 25. Nimeichezea kwenye jiko la watu Mbezi nikasahau nilichofuata. Bei yake sitaji, nisiwaharibie siku.

Njia rahisi kuliko zote ni hii: kama nyuma ya kona yako ni kaunta ya upande wa sebuleni, mwambie fundi aizibe kona huku jikoni, afungue mlango kule sebuleni. Vyombo vya wageni vinakaa huko. Hutaki trei, hutaki mimi.

Na aliyeuliza kuhusu mtungi wa gesi kwenye kona: hapana, mpendwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kabati lililofungwa inatulia chini humo humo, inasubiri cheche. Mtungi unataka mahali penye hewa.

Turudi. Ghorofa ya juu fundi wangu ameshaifanyia kazi, ya chini nimeiacha makusudi muone. Amezungushia ukanda wa aluminiamu, kimo sentimita 6, na skrubu zake. Shilingi 20,000 na chai. Bawaba za mlango pia amebadilisha, kwa sababu za kawaida zinafunguka nyuzi 110 hivi na mlango ulikuwa unasimama mbele ya trei kama askari wa getini. Kona inataka zile za nyuzi 165. Hizo nazo pesa, lakini hizo hakuniambia mtu dukani.

Sasa naweka ile siki juu, pembeni kabisa. Nasukuma kwa hasira zote. Umeona? Imeyumba, imeegemea, imetulia. Tena. Imetulia! Jamani, naanza kuipenda, na hilo linaniudhi zaidi. Maana kwa elfu ishirini ya fundi imekuwa trei nyingine. Wangeshindwa nini kuuza hivi tangu mwanzo?

Kwa hiyo nimelaliwa? Kidogo. Ningenunua tena? Ukiwa na fundi wako, nunua. Huna fundi, acha.

Jumapili hakuna video, nina harusi Tanga. Jumatano ni makabati ya juu, yale ya kupandia kigoda. Sabskraibu, maana nusu yenu mnatazama kimya kimya, nawajua.

Sasa nazima, lazima niing'oe trei yote nitoe ile chupa. Mdogo wangu, hebu mulika tena pale chini. Hayo ni maji au... Ni mafuta. Kifuniko kimefunguka. Zima, zima kamera!