Dawa ya kopa kwa michungwa na milimau: uzoefu wangu wa misimu mitatu

Wadau wa michungwa, hii dawa ya kopa nimeitumia misimu mitatu mfululizo, ile kopa (yaani shaba) oksikloridi ya asilimia 50, unga wa kijani-bluu unaokoroga na maji. Miti yangu ni 42, mingi michungwa, michenza kiasi na milimau saba. Naona watu wanauliza kila siku kama inafanya kazi. Inafanya, ila msimu wa kwanza ungeniuliza mimi ningekwambia usiinunue, manake nilipuliza mara nne na machungwa yakatoka machafu vilevile, ikanichukua muda kuelewa kwamba dawa haikuwa na kosa, kosa lilikuwa lini nimeipiga na nimeipiga kwenye ugonjwa gani.

Nianze na machungwa yenyewe. Maganda yalijaa vidoti vya kahawia vidogovidogo, ukipitisha kidole gumba unasikia kama msasa, na mengine vidoti vimejipanga kwa mstari kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini kama alama ya chozi. Ule ni ugonjwa wa melanosi, kuvu wake anaitwa Diaporthe citri. Mi nilipoviona vidoti ndo nikakimbilia pampu, kumbe hapo nishachelewa sana. Yule kuvu anakaa kwenye vijiti vilivyokufa juu ya mti, mvua ikinyesha maji yanateremka na mbegu zake mpaka kwenye tunda bichi, anaingia tunda likiwa bado dogo, na kopa haiingii ndani ya tunda kumfuata. Inakaa juu ya ganda tu, mbegu ya kuvu ikidondokea hapo na unyevu ikaanza kuota inakutana na kopa inakufa. Basi, kazi yake ndo hiyo. Ni kinga, ukishaona doa lile halifutiki tena hata upulize kila wiki.

Msimu wa pili nikabadilisha kila kitu. Kabla ya maua nilipogoa vijiti vikavu vyote nikavitoa kabisa shambani, kazi inachosha kweli manake michungwa ina vijiti vikavu vingi ndani kuliko unavyodhani ukiwa umesimama nje. Halafu nikasubiri petali zidondoke karibu zote, vitunda vikiwa kama punje ya mbaazi, nikapiga mkono wa kwanza, baada ya wiki tatu wa pili, na wiki tatu nyingine wa tatu. Kurudia ni lazima kwa sababu tunda linakua, ganda linatanuka, na ile sehemu mpya haina dawa. Kwa melanosi, miezi mitatu hivi baada ya petali kudondoka ganda linakuwa limeshajimudu, nikaacha.

Matokeo nitawaambia kwa mti mmoja tu. Kuna mchungwa wangu mrefu, pampu ya mgongoni haifiki kileleni. Wakati wa kuvuna machungwa ya chini na katikati ni masafi, yanang'aa, na ya kule juu ambako dawa haikufika yana msasa uleule wa mwaka jana. Mti mmoja, mvua ileile, na vijiti nilivitoa mpaka juu kabisa kwa ngazi. Hapo ndo niliamini.

Kwenye milimau nako imenisaidia sana. Kule shida ilikuwa upele, majani machanga yanatoka yamejikunja yana vinundu kama chunjua na malimau yana magamba ya kijivu, kuvu wake ni Elsinoë fawcettii. Huyu anashambulia kitu kichanga tu, kwa hiyo dawa iwe imefika jani likiwa robo ya ukubwa wake, ukisubiri likomae umepiga bure, halafu unarudia petali zikidondoka. Nilikuwa nawahi asubuhi kuangalia vichipukizi kila baada ya siku mbili, na kwa kweli huo ukaguzi ndo uliookoa malimau.

Sasa ugonjwa wa gundi. Huu ndo ulionitesa na hapa kopa ya kupuliza kwenye majani haikunisaidia hata kidogo. Michungwa mitatu ilikuwa inatoa utomvu shinani, matone ya rangi ya asali yanagandia kwenye gome, mvua ikinyesha yanayeyuka yote unadhani mti umepona, likiwaka jua siku mbili tatu yanarudi. Anayesababisha ni Phytophthora, na huyu kitaalamu si kuvu halisi, mbegu zake zina mikia zinaogelea kwenye maji, ndo maana anapenda udongo unaotuama maji na shina lililofukiwa. Mimi nilikuwa nimelundika udongo na samadi mpaka juu ya sehemu ya kubebeshea, nikidhani nautendea mti wema. Mche wa chini kama ni wa mdanzi unamvumilia vizuri huyu Phytophthora, lakini chungwa tamu lililobebeshwa juu yake ndo halimwezi, na mi nilikuwa nimeufikisha udongo mpaka kwake.

Nilichofanya ni kufukua udongo wote shinani mpaka mizizi ya juu ikaonekana, nikachukua kisu kikali nikakwangua gome lililooza, chini yake ni kahawia na lina harufu ya uchachu, nikaendelea mpaka nikafika pembeni kwenye gome zima lenye ukijani. Nikaacha siku moja likauke. Kisha nikapaka ule mchanganyiko wa zamani wa mrututu (chumvi ya shaba ya bluu) na chokaa, gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa, maji lita moja. Kila kimoja unakiyeyusha kwenye chombo chake cha plastiki ndo unaviunganisha, usitumie ndoo ya bati kwa sababu mrututu unakula chuma. Chovya msumari msafi, ukitoka na rangi ya shaba ongeza chokaa. Utumie siku hiyohiyo. Ni dawa ya tangu 1885, Mfaransa Millardet aliionyesha kwenye mizabibu ya Bordeaux, na mpaka leo kwa kazi ya kupaka mashina mi naipenda kuliko unga wa pakiti, inashika kama rangi ya ukuta. Kwenye mti mmoja uliokuwa umeliwa zaidi ya nusu ya mzunguko wa shina niliongeza dawa nyingine, fosetili-alumini, hiyo inaingia ndani ya mti na kusafiri juu na chini. ANGALIZO, fosetili usiichanganye na kopa kwenye pampu moja wala usizipige kwa kufuatana, majani yanaungua.

Na yale masizi meusi juu ya majani, yanayofutika ukipitisha kidole, msiyapigie kopa. Ule ukungu hauli mti, unaishi kwenye ute mtamu unaotolewa na vidukari, inzi weupe na wadudu gamba. Ondoa wadudu, zuia sisimizi wanaowalinda, masizi yatapukutika yenyewe. Mi nilimaliza pampu tatu hapo kabla sijajua. Vivyo hivyo majani yanayogeuka njano mabaka upande huku na huku na machungwa yanayopinda, ule ni ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na mdudu, kopa haiuwezi kabisa.

Malalamiko yangu kwa dawa yenyewe. Kwanza inatuama. Ukiikoroga moja kwa moja kwenye pampu inakaa chini kama matope, nozo inaziba, unabaki unafungua na kupuliza kwa mdomo, kitu ambacho msifanye kabisa. Mi sasa naikoroga kwanza kwenye kindoo iwe kama uji mwepesi, nachuja kwa kitambaa, ndo namimina, na natikisa pampu kila mti ninaohamia. Lebo yangu ilisema gramu 50 kwa lita 20, fuata ya kwako. Pili inaunguza. Siku moja nilipiga saa saba mchana jua kali, wiki zilizofuata vitunda vikaota vidoa vyeusi vidogo vyenye ncha kama nyota, na vilibaki hivyo mpaka kuvuna. Piga asubuhi au jioni, na majani yakauke kabla ya mvua. Tatu, vaa miwani, ikiingia jichoni inachoma sana.

Jambo la nne kwangu ndo zito kuliko yote. Shaba haiozi. Unayopiga leo inadondoka chini inabaki kwenye udongo miaka na miaka, ikizidi inaua minyoo na inadhuru mizizi ya mchungwa uleule unaoukinga, na ikifika kwenye mto inaua samaki. Ndo maana siwezi kumshauri mtu apige kila wiki kwa mazoea. Msimu wa tatu nimepiga mara tatu tu kwa machungwa na mara tatu kwa milimau, zaidi nimeongeza kupogoa na kuokota majani makavu chini, maana kuvu wa magonjwa mengine mawili, doa jeusi na madoa ya mafuta, wanazaliana kwenye yale majani yaliyodondoka. Ila kama shamba lako lina doa jeusi mikono mitatu haikutoshi, tunda linabaki hatarini miezi minne mpaka mitano baada ya petali kudondoka.

Ile michungwa mitatu ya gundi, miwili imepona, gome jipya linajikunja pembeni ya kidonda kila mwaka linasogea, kidonda kimoja kimebaki upana wa vidole viwili. Ule wa tatu, uliopata mpaka fosetili, niliukata mwezi uliopita, shina lilikuwa limeliwa mzunguko mzima.