Uzoefu wangu na wakili wa rufaa baada ya kunyimwa fidia ya jeshi Marekani

Nilitumikia jeshi la Marekani miaka 6 kama fundi wa magari. Mwaka 2011, nikiwa Afghanistan, niliteleza nikishusha tairi la lori, mgongo ukalia. Kwenye zahanati ya kikosi nilipewa ibuprofeni, nikaambiwa ninywe maji mengi, nikarudi kazini. Kwetu Nyeri hatukulelewa kulialia, basi nilinyamaza miaka na miaka. Nilipokuja kuomba fidia, jibu likawa hapana: hakuna ushahidi kwamba mgongo uliumia jeshini.

Ile barua niliitupa kwenye droo ya jikoni na nusura ikae humo. Dada yangu ndiye aliyeniuliza, "Ina tarehe gani?" Swali hilo liliniokoa. Una mwaka 1 tangu tarehe iliyo kwenye barua. Ukiupinga uamuzi ndani ya muda huo na ukashinda, kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu ulipoomba mara ya kwanza. Ukichelewa unaweza kuomba tena, ila malimbikizo yako, yaani malipo ya muda uliopita, yamekwenda na maji.

Kampuni moja ilinipigia simu ikitaka kunishughulikia kesi, na ada yake iwe mara 5 ya nyongeza nitakayopata kwenye malipo ya kila mwezi. Nilipouliza kama wana idhini ya kuwawakilisha wanajeshi wa zamani, aliyepiga akabadilisha mazungumzo. Nikakata simu. Wakili wangu nilimpata kwenye orodha ya serikali ya walioidhinishwa, ambayo iko wazi mtandaoni. Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja na nusu: asilimia 20 ya malimbikizo tu, malipo ya kila mwezi hagusi, tukishindwa hanidai. Sheria inahesabu kiwango hicho kuwa cha haki. Kikizidi theluthi moja, kinahesabiwa kuwa si cha haki mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa kazi yenyewe. Aliagiza faili langu lote, kurasa zaidi ya 700, na akazisoma. Nasema akazisoma kwa sababu siku tuliyokutana alinigeuzia karatasi moja tu, nusu ukurasa, mwandiko wa tabibu wa kikosi umefifia: "maumivu ya kiuno, siku 3, alikuwa akinyanyua tairi." Machozi yalinitoka. Daktari aliyenipima kwa niaba ya serikali alikuwa ameandika kwamba sikuwahi kulalamika jeshini, na karatasi ilikuwa humo muda wote.

Tangu sheria mpya ianze kutumika Februari 2019 kuna njia 3: kupeleka ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu apitie upya, au kwenda kwenye bodi ya rufaa mbele ya jaji. Mimi nilitaka ya afisa wa juu nikidhani ni ya haraka. Wakili akanikataza, maana huko hawapokei ushahidi mpya, na sisi tulikuwa nao: maelezo ya mwenzangu niliyekuwa naye zamu ile, na barua ya daktari wa mifupa aliyesoma faili na kuandika kwamba uwezekano wa mgongo huu kutokana na ajali ile si chini ya asilimia 50. Huhitaji kuthibitisha zaidi ya hapo. Barua hiyo nililipa mwenyewe dola 1,200, na iliniuma.

Miezi 7 baadaye nilipewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 40, na malimbikizo tangu ombi la kwanza. Ada ya wakili ilikatwa moja kwa moja kabla hela hazijanifikia.

Kasoro yake ni simu. Unaongea na msaidizi wiki nzima kabla hujampata mwenyewe, na kwa mtu asiyelala kwa maumivu hilo ni zito. Hata hivyo ningemchukua tena kesho.

Kama bado hujakataliwa, usimlipe mtu yeyote. Nenda kwa vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV au VFW, wanakujazia fomu bure. Wakili mtafute ukishapata barua ya kukataliwa, na uende nayo pamoja na bahasha yake.