TAHADHARI: Jamaa anauza mabango feki ya opera kwenye magrupu yetu ya Italia

Wadau mlioko Italia na nchi za jirani, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu akiuza mabango ya opera (maigizo ya kuimbwa) za Puccini, mtunzi wa muziki wa Italia. Anadai ni ya enzi za Puccini mwenyewe, yametoka stoo ya mzee mmoja wa Milano aliyefariki. Anaanzia yuro 400. Msimtumie hela.

Rafiki yangu mwenye mgahawa alishanunua la opera ya Tosca, lile ambalo mwanamke Tosca anaweka msalaba juu ya maiti ya Scarpia, mkuu wa polisi kwenye hadithi hiyo. Tulilitoa kwenye fremu, tukalikagua mezani.

Kwanza cheti. Kinasema lilichapishwa kwa ajili ya onyesho la kwanza, ukumbi wa La Scala wa Milano, tarehe 14 Januari 1900. Tarehe ni kweli, ukumbi ni uongo: Tosca ilianzia Teatro Costanzi, Roma. Yaani hata kusoma kidogo kabla ya kuibia watu imemshinda!

Nikachukua rula. Sentimita 42 kwa 59.4, saizi ya karatasi ya A2 kamili. Saizi hizo za A ziliwekwa Ujerumani mwaka 1922, sasa bango la 1900 liliziwahi vipi? Tukakwaruza pembeni: rangi ya kahawia iko juu juu tu, ndani karatasi nyeupe pee. Nahisi limepakwa chai.

Kilichommaliza kabisa ni lenzi ya kukuza. Mabango ya wakati ule ya Ricordi, kampuni ya Milano iliyoyatoa, yalichapishwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, kwa hiyo ukiangalia kwa karibu unaona chembe zisizo na mpangilio, kama alama za chaki, na rangi zimelaliana. Hili la rafiki yangu lina vidoti vidogo vimejipanga safu kwa safu, sawasawa na picha ya gazeti.

Na msidhani ukikwepa opera umepona. Ricordi ndio waliomiliki muziki wa Puccini, na kiwanda cha uchapaji kilikuwa chao pia, kikipokea kazi za wafanyabiashara wengine. Adolfo Hohenstein aliyechora Tosca alichora pia bango la kinywaji cha Campari, mwaka 1901. Leopoldo Metlicovitz, aliyechora bango la Madama Butterfly, opera nyingine ya Puccini ya 1904, alichorea maduka ya nguo ya Mele kule Napoli. Huyu jamaa analijua hilo. Ukimbana kuhusu Tosca anakuletea Campari "kutoka stoo ileile".

Nakala siyo kosa, ila iuzwe kwa bei ya nakala. Mwombeni picha ya karibu ya kona moja na ya mgongo wa bango. Mimi nilipoomba, akaniblok. Pia anataka umtumie pesa kama unamtumia ndugu, siyo kama malipo ya bidhaa, ili usiweze kudai kurudishiwa.

Kama umeshatuma, usifute meseji zake. Hifadhi risiti, cheti na bango lenyewe, upeleke malalamiko Polizia Postale, polisi wa Italia wa makosa ya mtandaoni.