Ruzuku za Jamii Endelevu za Marekani: Sharti Zuri, Mfuko Mfupi
Ruzuku za jamii endelevu, yaani fedha za kusaidia maeneo kupanga nyumba na usafiri kwa pamoja, ambazo Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani ilianza kuzitoa mwaka 2010, zilikuwa na sharti ninalolipenda: jiji, serikali za mitaa jirani na asasi za kiraia ziungane kwanza, ndipo ziombe. Hivyo mpanga njia za mabasi na mpanga nyumba walilazimika kuinamia ramani moja, jambo ambalo anayefahamu wivu wa ofisi za umma hatalidharau. Kasoro ni kwamba fedha zililipia zaidi mipango, takwimu na mikutano ya wananchi kuliko ujenzi wenyewe. Na Bunge, lililotenga dola milioni 150 katika bajeti ya 2010 na milioni 100 iliyofuata, halikutenga chochote kwa mwaka 2012.