Kigumba cha bronzi au cha chuma?

Wengi hudhani chuma kilipofika, bronzi ilitupwa. Kwa upanga, sawa. Kwa mshale, hapana: Wasikithi, wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, waliendelea kumimina vigumba, yaani vichwa vya mshale, vya bronzi karne kadhaa baada ya kukijua chuma.

Siri iko kwenye kalibu, yaani chombo chenye umbo la kumiminia madini yaliyoyeyuka. Bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati, huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,000 hivi. Chuma hudai 1,538, joto ambalo tanuri zao hazikulifikia. Basi mhunzi wa chuma alifua kigumba kimoja kimoja, huku mwenzake wa bronzi akifungua kalibu na kutoa vigumba vinavyofanana kama pacha: mbawa 3, tundu la kuchomeka uti wa mshale, pengine na kimwiba ubavuni cha kung'ang'ania nyama. Cha chuma mara nyingi kilikuwa na msuka tu, yaani mkia wa kuchomeka ndani ya uti, kama wa kisu. Ningekuwa na podo la kujaza kabla ya alfajiri, ningechukua bronzi bila kusita.

Chuma kilizidi kwa upatikanaji. Bati lilisakwa mbali.

Ardhini nako hutofautiana. Chuma huvimba kutu hadi umbo lipotee. Bronzi huota ukijani tu. Vigumba vya bronzi alivyofukua mwanaakiolojia Marinatos huko Thermopylae, uwanja wa vita vya kale Ugiriki, mwaka 1939 bado vinatambulika.