Preston Sturges au Billy Wilder: uanze na nani?

Wote wawili walikuwa waandishi wa filamu pale Paramount, studio ya Hollywood, na wote walichoka kuona kazi yao ikiongozwa na wengine. Sturges alitumia ujanja: aliiuzia studio mswada wa The Great McGinty kwa dola 10, kwa sharti kwamba aiongoze mwenyewe. Ilitoka 1940, ikampa Oscar ya uandishi.

Wilder, aliyeikimbia Berlin mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, alisukumwa na hasira. Katika Hold Back the Dawn (1941) aliandika tukio ambamo mwigizaji Charles Boyer, akicheza mhamiaji aliyekwama Meksiko, anamdai mende viza, kama afisa wa mpakani. Boyer akagoma: aongee na mdudu? Tukio likafutwa. Mwaka uliofuata Wilder alikuwa mwongozaji Hollywood.

Kwa mazungumzo ya kasi, simwoni wa kumshinda Sturges. Kwake hata mpita njia ana neno la kuchekesha. Lakini ulikuwa moto wa mabua. Aliondoka Paramount, akashirikiana na tajiri Howard Hughes, wakakosana, na mfululizo ule wa mafanikio haukurudi.

Wilder alidumu, na nadhani siri ni wenzake wa kuandika: kwanza Charles Brackett, baadaye I.A.L. Diamond. Kiingereza alikijia ukubwani, hivyo alihitaji sikio la pili. The Apartment (1960) ilimpa Oscar tatu kwa mkupuo.

Mwenye jioni moja tu aanze na hiyo. Anayetaka kucheka tu, The Lady Eve ya Sturges inamtosha.